Chuo miaka mitatu kusomea kusafisha meno?

Swali hili limetoka kwa mzee mmoja wa Korogwe. Nimelifupisha kidogo:

"Daktari, habari za kazi. Binti yangu amemaliza kidato cha sita, masomo ya sayansi. Shangazi yake aliyeko Leicester, Uingereza, anasema atamsaidia akasomee huko kazi ya kusafisha meno ya watu. Ni miaka mitatu, na akimaliza anaandikishwa kama mtaalamu. Udaktari wa meno naujua, hii sijaisikia. Hivi kweli mtu anakaa chuoni miaka mitatu kujifunza kumsugua mwenzake meno? Si ni kazi ya msaidizi wa daktari? Tena hapa kwetu wanasema meno yakishakwanguliwa hulegea. Nishauri kabla sijauza ng'ombe. Nimesahau: mimi mwenyewe fizi za upande mmoja zinatoka damu nikipiga mswaki, kwa hiyo upande huo nimeuacha kwanza."

Shikamoo mzee wangu. Hilo la mwisho, ulilolibandika chini kama jambo la kupita, ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Nitalifikia.

Nadhani kilichokukwaza kwanza ni jina. Tunasema "usafi wa kinywa", na usafi kwetu una harufu ya fagio na ndoo. Ukiambiwa binti anasomea usafi, unamwona mfagizi mwenye cheti. Wenzetu walioianza kazi hii walichota neno lao, "hygienist", kwa Wagiriki, kwenye jina la Hygieia, mungu wao wa kike wa afya. Kwa asili neno lenyewe ni la afya, mambo ya takataka yalilifuata baadaye. Na aliyelichagua kwa kazi hii alikuwa na sababu yake.

Huyo ni Alfred Civilion Fones, daktari wa meno wa Bridgeport, mji wa viwanda katika jimbo la Connecticut, Marekani. Zama zake daktari wa meno alikuwa fundi wa matengenezo: ang'oe, azibe, atengeneze ya bandia. Huko Philadelphia kulikuwa na daktari mwingine, D. D. Smith, aliyekuwa na mtindo wa ajabu kidogo. Aliwataka wagonjwa wake warudi kila baada ya muda fulani hata kama hawaumwi popote, akawasafisha meno yote, jino kwa jino. Alidai kwamba wanaorudi hivyo hawaharibikiwi na meno kama wengine. Fones akauiga mtindo huo kliniki kwake, akaridhika nao, kisha akagonga ukuta. Kumsafisha mtu mmoja sawasawa kunakula muda mrefu, na daktari mwenye foleni ya wenye maumivu hana muda huo.

Mwaka 1906 akamgeukia Irene Newman, binamu yake, aliyekuwa msaidizi wake pale kwenye kiti. Akamfundisha kukwangua na kung'arisha, kwanza kwa meno yaliyokwisha kung'olewa, mkono ulipozoea akamruhusu kuingia vinywani mwa watu. Kwa hiyo unaposema "si ni kazi ya msaidizi", hujakosea sana, mzee. Ilianza hivyo hasa. Ila haikukaa hapo hata miaka kumi.

Fones aliona mapema kwamba akimwachia kila daktari amfundishe msaidizi wake apendavyo, kazi itaharibika. Novemba 1913 akafungua shule katika banda la magari lililokuwa karibu na kliniki yake. Wakaingia wanawake zaidi ya thelathini, na si mabinti waliokosa pa kwenda: walikuwamo walimu, wauguzi waliosomea, wasaidizi wa kliniki, na wake wa madaktari wa meno. Wahadhiri aliwaalika kutoka vyuo vikubwa, Yale na Harvard vikiwamo. Walisoma maumbile ya mwili, namna viungo vinavyofanya kazi, vijidudu na magonjwa, kabla ya kugusa chuma chochote. Juni 1914 wakahitimu 27.

Sasa angalia walipelekwa wapi, maana hapa ndipo historia hii inaponigusa mimi mwenyewe. Wachache walibaki kwenye kliniki za watu binafsi. Kundi ambalo Fones alikuwa akiliwinda tangu mwanzo liliajiriwa na shule za umma za Bridgeport, mji uliojaa watoto wa wafanyakazi wa viwandani, wengi wao wa wahamiaji waliofika juzi. Waliwasafisha watoto meno shuleni, wakawapanga mistari na miswaki mkononi wakafanya zoezi pamoja kama gwaride, wakawafuata wazazi kwa maneno na maandishi. Ile namna ya kuwafundisha watoto wasugue kwa kuzungusha mswaki miduara hadi leo inaitwa kwa jina la Fones. Ripoti zake zilisema meno yaliyooza yalipungua sana katika miaka mitano. Hizo ni hesabu za mtu anayetetea wazo lake, nami huzisoma nikiwa nimekunja uso kidogo, lakini miji mingine iliziamini na kuiga.

Jina alilokataa katakata ni "nesi wa meno". Nesi, alisema, anahusishwa na wagonjwa, na yeye alitaka mtu ambaye watoto watamhusisha na uzima. Ndiyo maana ya lile neno la Kigiriki.

Na sisi madaktari je? Sitatuficha. Huko Cincinnati chuo cha meno cha Ohio kilianzisha kozi ya namna hii mwaka 1910, kabla ya Fones, na madaktari wa jimbo hilo waliipiga vita mpaka ikafa. Hoja iliyotajwa hadharani ilikuwa usalama wa mgonjwa, na sehemu ya hoja hiyo ilikuwa ya kweli. Iliyobaki unaijua: mkate. Fones alifanikiwa kwa sababu alitangulia bungeni. Sheria ya Connecticut ya 1915 ilimtambua mtaalamu huyu na papo hapo ikamchorea mpaka. Anaweza kuondoa ugaga na madoa kwenye sehemu ya jino inayoonekana na chini kidogo ya ukingo wa ufizi, basi. Asizibe, asing'oe, asitibu kingine chochote, na afanye kazi chini ya usimamizi wa daktari. Mwaka 1917 Irene Newman akapewa leseni, ya kwanza duniani ya kazi hii.

Yaliyofuata kwa zaidi ya miaka mia moja ni safari ya kuusogeza mpaka ule. Mwaka 1923 wakaunda chama chao cha taifa, huko Cleveland. Vyuo vikaongezeka, mitihani ikawa ya nchi nzima. Katiba ya chama iliwataja wanachama kuwa wanawake mpaka mwaka 1964 ilipobadilishwa, na mwaka uliofuata mwanamume wa kwanza, Jack Orio, akahitimu New Mexico. Jimbo la Washington likawaruhusu kuchoma sindano ya ganzi mwaka 1971. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote, kwa sababu huwezi kukwangua chini ya ufizi ulioumwa bila ganzi ila umtese mtu. Colorado mwaka 1986 ikaenda mbali zaidi, ikawaruhusu kufungua kliniki zao bila daktari juu ya vichwa vyao.

Uingereza, anakotaka kwenda binti yako, kazi hii iliingilia mlango wa jeshi. Mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, jeshi la anga lilianza kuwafundisha wanawake waliokuwa katika kikosi chake, kwa sababu askari wenye fizi mbovu walikuwa wengi kuliko madaktari wa meno. Baada ya vita ikajaribiwa uraiani katika hospitali ya Eastman, London, kisha sheria ya miaka ya 1950 ikaikubali. Kwa miongo mingi mgonjwa alilazimika kupitia kwa daktari kwanza. Tangu Mei 2013 anaweza kwenda moja kwa moja kwa mtaalamu huyu, akachunguzwa, akatibiwa yaliyo ndani ya mipaka yake, na kuelekezwa kwa daktari yanayoizidi. Baraza linalosimamia madaktari wa meno ndilo linalowaandikisha na wao, na asiyeandikishwa akijiita kwa jina la kazi hiyo anavunja sheria. Msaidizi wa kwenye kiti, yule anayempa daktari vifaa na kunyonya mate, ni kada nyingine kabisa huko, yenye masomo yake mafupi.

Sasa miaka mitatu wanasoma nini?

Mzee, ukimaliza kupiga mswaki asubuhi, baada ya saa chache jino limeshavaa utando laini wa vijidudu. Hauuoni, ila ukipitisha ulimi jioni unausikia. Ukiachwa siku kadhaa, madini ya mate huugandisha ukawa jiwe. Huo ndio ugaga, na mswaki hauutoi tena. Ugaga una ngozi ya mawe, kwa hiyo utando mpya hujishikiza juu yake vizuri kuliko kwenye jino. Ufizi nao hujitetea dhidi ya vijidudu, unavimba, unakuwa mwekundu, unatoka damu. Kwa baadhi ya watu vita hivyo hushuka chini, na mfupa unaoshika jino huanza kuliwa taratibu, bila maumivu, kwa miaka. Jino linaanza kucheza likiwa zima kabisa, halina hata tundu.

Mwaka 1965, huko Aarhus, Denmark, Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudishiwa miswaki, fizi zikapona baada ya wiki moja hivi. Ni jaribio dogo, lakini kabla yake watu walikuwa bado wanabishana iwapo ugonjwa wa fizi unatokana na umri, lishe au damu mbaya.

Kwa hiyo anayesomea kazi hii lazima ajue ufizi mzima ukoje na ulioumwa ukoje, apime kina cha upenyo kati ya jino na ufizi kwa kifimbo chenye alama za milimita, asome picha ya eksirei aone mfupa umeliwa kiasi gani, amjue mgonjwa wa kisukari, wa moyo, mjamzito, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mkono wake unafundishwa kukwangua mzizi asiouona, kwa kuhisi tu, kama mtu anayetafuta sindano gizani kwa vidole. Na juu ya hayo yote ajifunze kuzungumza na watu, somo ambalo wengi wetu madaktari tulilifeli na hakuna aliyetuuliza.

Kuzungumza ndilo nalolipa uzito kuliko chuma. Huko Karlstad, Sweden, Per Axelsson na Jan Lindhe walianza mwaka 1972 kufuatilia watu wazima waliofundishwa kwa kina kujisafisha, kisha wakawa wanasafishwa na wataalamu kila baada ya miezi michache. Ufuatiliaji uliendelea miaka 30. Katika muda wote huo kila mtu alipoteza kwa wastani jino lisilofika hata moja, au moja na ushei kwa waliokuwa wazee zaidi. Lakini mwaka 2018 uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, ulikusanya majaribio ya kuwakwangua watu wazima kila miezi 6 au 12, watu wasio na ugonjwa mkali wa fizi na wanaohudhuria kliniki kawaida, ukakuta kwamba katika miaka 2 hadi 3 fizi zao hazikuwa na tofauti ya maana na za wale wasiokwanguliwa kwa ratiba. Haya mawili hayapingani sana kama yanavyoonekana. Kukwangua peke yake, kwa mtu anayerudi nyumbani na mazoea yaleyale, ni kufagia uwanja chini ya mwembe. Karlstad walibadilisha mazoea.

Kuhusu meno kulegea: wanaosema hivyo hawakuzua, wameona, ila wamesoma kinyume. Umewahi kuona nguzo ya mbao iliyoliwa na mchwa, ikabaki imesimama kwa sababu ya udongo wa mchwa wenyewe ulioizunguka? Ukibomoa ule udongo, nguzo inayumba. Atakayesema udongo ndio uliokuwa mzima ni nani? Mtu anayekuja kwangu baada ya miaka ishirini ana ugaga ulioyagandisha meno ya mbele ya chini yakawa kama kitu kimoja. Nikiutoa, yanacheza, yana nafasi katikati, na baridi inayaingia. Mfupa ulikwisha kuondoka zamani. Katika wiki zinazofuata uvimbe hunywea, na meno mengine hukaza tena kiasi, si yote.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu swali lako la "sijaisikia" lina jibu lake. Hapa kwetu kazi hiyo haijakosekana, imekosa mwenyewe. Katika hospitali nyingi anayekwangua ugaga ni daktari wa meno au tabibu wa meno, baada ya kumaliza foleni ya kung'oa, ikiwa itakwisha. Matabibu wetu wa meno, na wale maofisa wa afya ya kinywa wa jamii wa Kenya, wako karibu zaidi na ukoo mwingine, ule ulioanzishwa Wellington, New Zealand, mwaka 1921 na Thomas Hunter: wanawake waliofundishwa kuziba na kung'oa meno ya watoto shuleni. Ukoo huo unaingia kwenye matibabu, ule wa Bridgeport unasimama kabla ya ugonjwa. Kwa nchi yenye madaktari wachache ulikuwa uamuzi wa busara kuchagua mtu anayeweza kung'oa, siubezi. Lakini mtu anayeweza kung'oa atang'oa mchana kutwa, na darasa la watoto litasubiri.

Nimewahi kukaa kituo kimoja upande wa Arusha. Akaja kijana wa Arumeru anataka nimkwangue meno yawe meupe kabla ya harusi. Alikuwa amekwisha kukwanguliwa mara mbili kwingine, amelipa mara mbili, na meno yake yalikuwa ya kahawia vilevile. Hakuna aliyemwambia kwamba ule ukahawia hauko juu ya jino, umo ndani, umetokana na floridi nyingi ya maji aliyokunywa akiwa mtoto, jino likiwa bado linajengeka ndani ya taya. Hakuna chuma kinachoutoa kwa kukwangua. Aliyefundishwa vizuri hutambua hilo kwa kutazama tu, kabla ya kugusa senti ya mtu. Nilimweleza, akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Sasa na wanangu?" Hilo ndilo swali la mtaalamu wa usafi wa kinywa hasa, na tuliliongea muda mrefu, yakiwamo maji ya kuchota wapi.

Kinachonisikitisha kuhusu nchi zilizoendelea ni kwamba Fones aliwaandaa wale wanawake kwa ajili ya watoto wa maskini, na warithi wao wengi leo wanashinda kwenye kliniki za kulipia, wakiwasafisha watu ambao tayari wana miswaki ya umeme. Pesa iliko ndiko kazi inakoelekea, siwalaumu. Binti yako naye akimaliza atavutwa huko huko.

Sasa kuhusu ng'ombe. Kabla hujauza hata mmoja, hakikisha kozi yenyewe imo katika orodha ya zinazokubaliwa na baraza la meno la Uingereza, General Dental Council. Shangazi mtu aiangalie kwenye tovuti ya baraza, asiangalie tangazo la chuo. Aulize pia kama ni usafi wa kinywa peke yake au umeunganishwa na tiba ya meno, wanayoiita "dental therapy". Vyuo vingi sasa hufundisha vyote viwili katika shahada moja ya miaka mitatu, na kwa mtu anayeweza kurudi nyumbani siku moja ningechagua hiyo bila kufikiri mara mbili, maana ya kuziba na kung'oa meno ya watoto yatamfaa hapa. Aulize ada ya mwanafunzi wa kigeni, ni kubwa sana kuliko ya wenyeji, na shangazi huenda anakadiria kwa ada ya wanawe. Na huku kwetu muulize mapema Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa barua, akirudi na cheti hicho ataandikishwa kwa kada gani. Jibu la maandishi lihifadhiwe. Nimeona vijana wakirudi na vyeti vizuri visivyo na kisanduku cha kuingizwa.

Kama anapenda watu na hana kinyaa, mwache aende. Kama anaichukua kwa sababu udaktari umemkosa, mwambie akae kwanza siku tatu katika kliniki ya meno ya hospitali ya wilaya, atazame vinywa.

Na wewe, mzee, ule upande ulioacha kupiga mswaki kwa sababu ya damu ndio unaotaka mswaki kuliko upande mwingine wote. Damu inatoka kwa sababu utando umekaa. Ukiuacha zaidi, itatoka zaidi. Anza leo jioni, mswaki laini, ulaze pembeni kwenye ukingo wa ufizi, sugua taratibu dakika mbili asubuhi na mbili usiku. Mswaki wa mti nao unafaa ikiwa umeutafuna ukawa na nyuzi laini na unafika nyuma. Siku za kwanza damu itaendelea, usiogope. Kama baada ya wiki mbili haijapungua, au kuna jino linalocheza, au usaha, nenda hospitali ya wilaya ukakwanguliwe, na kabla hujatoka pale omba wakupime sukari, kwa sababu kisukari na fizi mbovu huchocheana. Kama unavuta sigara, mwambie daktari asikuamini kwa wingi wa damu: tumbaku huificha, na ugonjwa unakuwa mkubwa kuliko unavyoonekana.